Mwali Asome Utawala Mpaka Amalize: Maoni Yetu Kutoka Bugomora



Sisi tunaoandika haya ni washonaji. Duka letu liko Bugomora, wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera, upande wa mpaka wa Uganda. Tunashona magauni ya harusi, shela, kanzu za mabwana harusi na sare za shule. Elimu yetu ni kidato cha nne na kozi ya ushonaji. Basi msishangae tukizungumzia somo la chuo, sayansi ya siasa na utawala. Tunalizungumzia kwa sababu kila msimu wa harusi linafika kwenye meza yetu ya kukatia. Mwali anapimwa, shangazi yake amekaa kwenye benchi, na swali linatoka: "Na huyu akishaolewa, hicho chuo cha siasa ni cha nini tena?"

Tunasema maoni yetu mapema ili tusizungushane. Binti aliyepata nafasi ya kusoma siasa, utawala wa umma au serikali za mitaa asome mpaka amalize. Ndoa isiwe sababu ya kumtoa. Na sisi tulioishia kidato cha nne tusilione somo hilo kuwa la watu wengine, maana linahusu mambo yetu kuliko tunavyodhani.

Somo lenyewe ni nini?

Wengi wakisikia "siasa" wanaona jukwaa, vipaza sauti, fulana za chama na maneno makali. Wanaogopa binti atakwenda kujifunza kutukana. Lakini chuoni hafundishwi kupiga kampeni. Anasoma katiba na jinsi inavyogawa madaraka kati ya Serikali, Bunge na Mahakama. Anasoma namna bajeti inavyopangwa, namna ofisi ya umma inavyoendeshwa, namna kumbukumbu za kikao zinavyoandikwa. Anasoma historia ya nchi yetu na za majirani, uhusiano wa mataifa, utafiti na takwimu. Kwa kifupi anasoma nani anaamua, anaamua kwa sheria ipi, na wewe unayeamuliwa una haki gani ya kuuliza.

Vyuo vya kusomea haya si vigeni. Mzumbe ilianza mwaka 1953 wakati wa ukoloni kama shule ya serikali za mitaa, kufundisha watumishi wa tawala za wenyeji. Kivukoni ilifunguliwa mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, na leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, chenye kampasi hata Unguja. Dodoma kuna Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo. Zanzibar kuna Chuo cha Utawala wa Umma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara yake ya sayansi ya siasa na utawala wa umma. Hata Rais Yoweri Museveni wa ng'ambo ya mpaka wetu alisoma uchumi na sayansi ya siasa hapo Dar es Salaam na kumaliza mwaka 1970.

Linaingiaje dukani kwetu?

Wacha tuseme mambo matatu tunayoyaona huku.

La kwanza ni mkopo. Kwa upande wa Bara, sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2018 na ikasema wazi kwamba mikopo hiyo haina riba. Dada zetu Waislamu, mmesikia? Haina riba. Wangapi kati yetu tumekimbia taasisi za mikopo kwa kuogopa riba, halafu tukaenda kwa mtu wa mtaani ambaye riba yake ni mara mbili? Mikopo ya halmashauri ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Lakini ili kikundi kiipate kinahitaji usajili, katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na andiko la mradi. Hapo ndipo mafundi kumi wenye vyerehani vizuri wanapokwama, kwa sababu hakuna anayejua muhtasari unaandikwaje. Binti mmoja aliyesoma utawala angewamalizia kazi hiyo kwa jioni mbili.

La pili ni mpaka. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki upo utaratibu wa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya, iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa, na ambayo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, inavuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Kitenge kilichotoka China hakimo, hata kama umekinunua Kampala. Huo ni ujuzi wa siasa na serikali kabisa, si wa jukwaani. Mwanamke anayeujua anavuka mchana na karatasi yake mkononi. Asiyeujua anapita njia ya panya usiku na mzigo kichwani, na lolote linaweza kumkuta huko.

La tatu ni kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na robo yao wawe wanawake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Sheria hiyo hiyo inasema haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Huku kwetu ardhi maana yake kibanja, shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba. Mume akifa, mjane anaweza kuambiwa kibanja ni cha ukoo. Kahawa nayo ina balaa lake liitwalo butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu nyumbani kuna shida ya fedha. Serikali imepiga marufuku butura, lakini marufuku bila mtu wa kuifuatilia kijijini ni maneno tu. Mikutano inaitishwa, wanaume wanakwenda, sisi tunabaki na vyerehani na watoto. Viti vya wanawake vinakuwepo, lakini anayekikalia hajui ana haki ya kuuliza hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunahitaji mtu wa kulisoma hilo daftari.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba mna mfumo wenu. Kwenu kuna shehia na sheha, na sheha huteuliwa, wakati huku mwenyekiti wa kijiji anachaguliwa kwa kura, kama ilivyofanyika tarehe 27 Novemba 2024. Lakini swali ni moja: barua ya sheha unaihitaji kwa mambo mangapi? Na unajua mipaka ya kazi yake ni ipi? Kama hujui, basi na wewe somo hili linakuhusu.

Kitambaa na utawala ni ndugu wa zamani

Kuna watu watasema huku bara na visiwani hatuna uhusiano. Si kweli. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilipita Tabora ikafika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange alikokaa mfalme. Waingereza Speke na Grant walipofika mwaka 1861, njia hiyo ilikuwa tayari inajulikana. Walioleta vitambaa na shanga na kuchukua pembe za ndovu hawakupita tu wapendavyo. Walipaswa kujua zawadi ya kumpelekea mfalme, nani wa kuzungumza naye, na safari inaruhusiwa lini. Aliyejua utaratibu wa utawala alifanya biashara. Asiyejua alikaa njiani na mali yake ikaisha kwa posho.

Kitambaa kimekuja Karagwe kwa njia ya siasa tangu enzi hizo, na Kyerwa nayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe kabla ya kugawanywa mwaka 2012. Sisi washonaji ndio tuliorithi kitambaa. Utawala tumeuachia wengine.

Wanawake waliotutangulia

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, Muislamu, shule yake ilikuwa ya darasa la nne, na alijulikana kwa ngoma. Mwaka 1955 alichukua uongozi wa kitengo cha wanawake wa TANU na kuwaingiza maelfu ya wanawake katika harakati za uhuru, wengi wao wauza vitumbua, wapika pombe na wacheza ngoma. Wanawake wale hawakuwa na chuo, lakini walijifunza siasa kwa vitendo. Tukijiuliza wangefika wapi kama wangekuwa na elimu ya utawala juu ya ujasiri ule, tunaona kwa nini binti wa leo asiichezee nafasi yake.

Mfano wa pili mnaujua wenyewe, maana ni wa kisiwani. Samia Suluhu Hassan alizaliwa mwaka 1960, akamaliza sekondari mwaka 1977 na kuanza kazi ya ukarani serikalini. Aliolewa mwaka 1978. Akaenda kusoma utawala wa umma pale Mzumbe na kumaliza stashahada ya juu mwaka 1986, akiwa tayari mke wa mtu. Aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000, na mwaka 2021 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Hatumtaji ili mumpigie makofi wala ili mumchukie; kila mtu na mtazamo wake wa uongozi wake. Tunamtaja kwa ajili ya zile tarehe mbili, 1978 na 1986. Harusi ilitangulia, chuo kikafuata, na kimoja hakikukifuta kingine.

Dini inasemaje?

Hapa tunakwenda polepole kwa sababu sisi si masheikh. Kuhusu mwanamke kuwa mkuu wa dola wanazuoni wana maneno yao, na hatutayaingilia. Lakini kusoma utawala si kugombea urais. Katika Qur'ani ipo sura nzima iitwayo Ash-Shuura, yaani mashauriano. Katika Surat An-Naml malkia wa Sabaa anapopata barua ya Nabii Sulayman, amani iwe juu yake, hakurupuki; anawaita wakubwa wake na kutaka ushauri wao. Na mwaka wa 6 Hijria, pale Hudaybiya, Masahaba walipokuwa na huzuni na hakuna aliyenyanyuka kuchinja, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia kwa mkewe Ummu Salama. Yeye ndiye aliyemshauri atoke bila kusema na mtu, achinje mnyama wake na anyolewe. Alipofanya hivyo, watu wote walimfuata. Mwanamke alisoma hali ya watu na kutoa rai, na rai yake ikafuatwa. Basi binti anayekaa darasani na hijabu yake akijifunza namna watu wanavyoongozwa, aibu yake iko wapi?

Kazi je?

Hili ndilo wazazi wanalouliza kwa haki, nasi hatutawadanganya. Wapo vijana wenye shahada ya sayansi ya siasa wanaouza laini za simu. Ajira za Serikali ni chache na waombaji ni wengi. Mtu akikuahidi kwamba ukisoma siasa utapata ofisi, anakudanganya.

Lakini angalia tangazo la kazi ya Mtendaji wa Kijiji. Sifa inayotakiwa ni kidato cha nne au cha sita, pamoja na cheti cha fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii, kutoka Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Mtendaji ndiye katibu wa vikao vyote vya halmashauri ya kijiji. Ndiye anayeandika nani kasema nini na fedha imekwenda wapi. Hiyo ni kazi iliyo karibu na nyumbani, na haimtaki mtu awe na shahada. Zipo pia kazi za maendeleo ya jamii, mashirika, asasi na ofisi za vyama vya ushirika vya kahawa. Na akikosa yote, anarudi kwenye biashara akiwa anajua sheria inayoigusa. Sisi tungempokea dukani kesho.

Njia nayo si ndefu kama watu wanavyosema. Aliyemaliza kidato cha nne na kupata alama za D nne katika masomo yasiyo ya dini anaweza kuanza astashahada, kisha stashahada, kisha shahada. Mwenye watoto au duka anaweza kuulizia Chuo Kikuu Huria, ambacho kilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wasioweza kukaa bwenini, na kina vituo mikoani, Zanzibar ikiwemo.

Kwa mabibi harusi

Msimu uliopita tulimshonea mwali mmoja ambaye hatutamtaja. Alikuwa anasoma serikali za mitaa na amebakiza muhula mmoja. Upande wa mume walitaka harusi ifanyike wiki ile ile ya mitihani, na wakasema baada ya hapo haoni haja ya kurudi chuoni. Wakati wa kupima alikuwa kimya, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Shangazi yake ndiye aliyesema: "Gauni halina haraka. Mshenga arudi." Mshenga alirudi na maneno mawili: harusi isogee wiki sita, na mke aruhusiwe kumaliza. Kulikuwa na manung'uniko. Mwenye ukumbi alitaka fedha zaidi, na mama mkwe alinuna. Bwana harusi mwenyewe alipoulizwa alisema hakuwahi kukataa, ila hakuna aliyemuuliza.

Maneno hayo ya mwisho tumeyaweka moyoni. Hakuna aliyemuuliza. Wazee wanapanga, mashangazi wanakisia, na mtu wa kwanza aliyepaswa kuulizwa anaulizwa mwisho. Kwa hiyo haya ndiyo tunayowashauri:

Moja, lizungumzeni suala la chuo wakati wa posa, siyo baada ya kadi kuchapishwa. Mahari ni haki yako na inatajwa hadharani. Masomo nayo yatajwe.

Mbili, mkikubaliana, iandikwe. Wanazuoni wametofautiana juu ya uzito wa masharti ya mke katika ndoa, basi mwulizeni sheikh wenu mapema sharti hilo liwekwe vipi na lina nguvu gani. Hata pale lisipokuwa na nguvu ya kisheria, maneno yaliyoandikwa mbele ya mashahidi yana heshima yake.

Tatu, hesabuni gharama. Ada ya muhula mmoja inaweza kuwa ndogo kuliko upambaji wa ukumbi wa usiku mmoja. Tunasema hivi sisi tunaoishi kwa fedha za harusi. Punguzeni gauni la pili, sisi hatutakufa njaa.

Nne, kwa mama wakwe zetu tunaowaheshimu: mkeo wa mwanao akijua sheria ya ardhi, siku moja atakuokoa na wewe. Wajane wanaofukuzwa kwenye vibanja si mabinti wadogo peke yao.

Na sisi tuliobaki

Si kila mmoja wetu ataenda chuo. Lakini mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitishwe angalau kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Huhitaji cheti kuhudhuria. Vaa stara yako, beba mtoto, kaa mbele, na ikifika zamu ya maswali uliza kitu kimoja tu: fedha iliyokusanywa ni kiasi gani na imefanya nini? Kama umemsomesha binti wa utawala, mwombe akae pembeni yako siku hiyo. Ukitoka hapo uje tumalize vipimo.